Uji Kabla ya Kisu

Asubuhi ya upasuaji, dada yangu Mwanahija alimnywesha mwanawe uji. Hakusahau. Aliyesahau akikumbushwa huona haya, lakini yeye nesi alipomuuliza alisuuza kikombe taratibu, akakifunika juu ya kabati, akasema mtoto alikuwa na njaa.

Ilikuwa mara ya pili. Anayekwenda kupasuliwa halishwi kitu, maana akishapewa dawa ya usingizi chakula hupanda kikampalia. Kikombe kimoja cha uji wa ulezi kinatosha kuwarudisha madaktari wodini na kofia zao za kijani, na Mwanahija alikuwa ameligundua hilo bila kusomea popote. Mtoto ni Batuli, ana miaka kumi. Mguu wake wa kulia ulikuwa na saratani ya mfupa, hapo chini ya goti. Madaktari walisema ukatwe juu ya goti, kisha mtoto apelekwe Dar es Salaam akaanze dawa.

Mimi haya yalinikuta Kiranjeranje, kwenye cherehani yangu, nikipindua kola ya shati ambalo mwenyewe angelitupa zamani kama angekuwa na aibu. Simu ikaita. Alikuwa shemeji yangu Abilahi, baba yake Batuli.

"Shemeji, njoo Lindi. Dada yako amegombana na serikali."

"Serikali yote, au idara moja?"

"Leo sina utani, shemeji."

Hapo nikainua mguu kwenye kanyagio. Abilahi ni mkulima wa ufuta kule Kilangala, mtu ambaye hata akipunjwa kwenye mizani huondoka akicheka. Akikosa utani, ujue kitu kimekauka ndani.

"Waliniambia nisaini, nikasaini," akasema. "Dada yako akaniuliza, umesaini mali ya nani?"

Kwetu Wamwera, mtoto ni wa upande wa mama. Baba atamlea, atampenda, atambeba mabegani, lakini likija neno zito hutafutwa mjomba. Vijana wa mjini wanalicheka jambo hilo, na mimi nilikuwa nacheka nao, maana ujomba wangu mpaka siku ile ulikuwa wa kushona sare za shule bure na kula kuku sikukuu. Nikaufunika uso wa cherehani kwa kitambaa, nikaenda kusimama barabarani kungoja basi.

Batuli alikuwa amelala kitanda cha dirishani. Alikuwa amekonda mwili mzima isipokuwa pale mahali.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nasikia kazi yako siku hizi ni kulala na kuandaliwa."

"Umekuja na mkasi?"

Mama yake akageukia ukutani. Abilahi akaanza kukunja shuka ambalo lilikuwa limekwisha kukunjwa.

"Mkasi wa mjomba unakata vitambaa tu," nikasema. "Na hata hivyo vitambaa unavikata kombo, waulize wateja. Habari za kukata umezipata kwa nani?"

"Hakuna aliyeniambia. Wakija hapa wananong'ona, wakifika mlangoni wanasahau, wanaongea kwa sauti. Mimi nasikia ya mlangoni."

Akacheka kidogo, halafu akauma mdomo, maana hata kucheka kulikuwa kunafika kwenye goti. Mguu ulikuwa umefunikwa khanga. Ukiwa fundi cherehani, jicho lako halikuombi ruhusa. Kabla sijalizuia, lilikuwa limekwisha kupima kutoka nyonga hadi kisigino, na limeandika. Nikaliona jicho langu kama mwizi.

Daktari alitukuta nje kwenye korido. Anaitwa Jerome, kijana wa makamo, macho mekundu ya mtu ambaye zamu haimwishii.

"Na huyu ni nani?" akamuuliza Abilahi.

"Mjomba wa mtoto."

"Baba ameshasaini."

"Alisaini kwa heshima, daktari," nikasema. "Ulimpa kalamu, angekataaje?"

Hakucheka. Akamgeukia Mwanahija, na nikaona hawa wawili walikuwa na mazungumzo ya siku nyingi ambayo sisi tumeyaingilia katikati.

"Mama, nimekuambia kwa Kiswahili, sijui niseme kwa lugha gani tena. Kile kitu kinakua. Kila ukimpa uji, unakipa nafasi. Ukinilazimisha nitawaita ustawi wa jamii, waamue wao."

"Waite," dada yangu akasema. "Waje na uji wao. Mimi nampeleka mwanangu Pande. Kuna mzee anaunga mifupa."

"Anaunga iliyovunjika. Huu haujavunjika."

"Basi hataunga. Ataukanda tu."

Nikaona hapa ndipo mjomba anapotakiwa kuonyesha busara, nikatoa niliyokuwa nayo. "Dada, hata mhogo ukioza upande, tunakata tunaacha ulio mzima."

Mwanahija alinitazama kwa muda. Nimewahi kutazamwa na watu niliowaharibia vitambaa vya harusi, lakini si namna ile.

"Na ule upande ulioukata, kaka, huwa unautupa wapi?"

Akaondoka. Daktari akaondoka upande wa pili. Tukabaki mimi na Abilahi na ule mhogo wangu katikati yetu.

Nilimkuta dada uani, nyuma ya wodi, mahali ambapo wauguza wagonjwa hufua na kuanika. Kamba zilikuwa tupu, jua zuri, upepo wa kutosha, naye alikuwa anatandaza khanga za Batuli mbali kabisa, juu ya michongoma, akijichoma mikono kwa miiba.

"Kamba zina kasoro gani?"

"Kule kuna moshi."

"Wa jikoni?"

"Si wa jikoni."

Akanionyesha kwa kidevu. Nyuma ya kijumba cha matofali palikuwa na bomba refu jeusi, na juu yake moshi mwembamba, kama wa mtu anayechoma majani. Lilikuwa tanuri la taka za hospitali. Siku ya kwanza kuambiwa habari za kukata, alimwuliza nesi Fortunata vitu vinavyokatwa huenda wapi. Fortunata, binti mpole asiye na hila, akamjibu kama alivyofundishwa: vinachomwa, mama, kwa usafi.

"Kitovu chake nilikizika kwa mkono wangu," Mwanahija akasema. Hakuwa analia, alikuwa anapanga khanga. "Nyuma ya nyumba, Kilangala. Nywele zake za arobaini tulizizika. Hata meno yake ya utoto najua yako juu ya paa gani. Hakuna kitu kilichotoka kwa mtoto yule nisichojua kilipo, kaka. Sasa mguu mzima, uliojifunza kutembea mbele yangu, utiwe ndoo moja na mabomba ya sindano na bandeji za usaha za watu, uchomwe. Na mwenyewe yuko dirishani, hai, anavuta moshi wake."

Nikakaa chini kwenye jiwe la kufulia. Kichwani nilikuwa nimekuja na majibu ya mtu anayeogopa kisu, na ya mtu anayemsikiliza mganga, na ya mtu asiye na nauli. Hili sikuwa nalo.

"Mbona hukumwambia daktari?"

"Aliniuliza, unakwenda kwa mganga? Nikasema hapana. Akaniuliza, ni nauli ya Dar? Nikasema hapana. Akaniuliza, kwa hiyo hutaki mwanao apone? Hilo nalo, kaka, lina jibu?"

"Lakini wewe si mtu wa kukosa jibu. Tangu mdogo."

Akatabasamu kidogo sana, upande mmoja. Kisha akasema lile lililokuwa chini ya yote.

"Nikiomba nipewe niuzike, si nitakuwa nimeshakubali ukatwe?"

Ndipo nikauelewa uji. Uji ulikuwa unamsaidia asiseme ndiyo wala hapana. Kila asubuhi ya kisu aliukoroga, asubuhi ikapita. Na ile "ndiyo" ambayo yeye hakuweza kuisema ilikuwa imesafirishwa kwa simu hadi Kiranjeranje, ikapakiwa basi, ikaletwa. Ilikuwa ni mimi.

Sitasema kwamba nilisimama palepale kama shujaa. Nilikaa juu ya lile jiwe mpaka kanzu ikalowa. Nilifikiri, nikisema ndiyo na mtoto akafa mezani, neno hilo nitakula nalo chakula mpaka nizikwe, na Mwanahija atanipakulia kwa adabu bila kuniambia neno. Nikisema hapana, atafia kwenye mkeka huko Pande akikandwa, na kila mtu atasema ni amri ya Mungu, nami nitashona kama kawaida. La pili lilikuwa jepesi mno, ndiyo maana likanitia wasiwasi. Maisha yalishaniuzia vitu rahisi mara nyingi, najua ubora wake.

Daktari Jerome alikuwa ofisini kwake na chai iliyopoa, anakula mhogo wa kuchemsha juu ya bahasha.

"Daktari, kwenu wapi?"

"Newala. Kwa nini?"

"Mmakonde. Kumbe wewe mtani wangu, na tangu asubuhi nakuheshimu bure."

Akatafuna pole pole. "Mmwera akija kwa utani, anataka kukopa."

"Nataka kuuliza tu. Kitovu chako kiko wapi?"

"Kitovu?"

"Kile kilichokatika ulipozaliwa. Walikichoma?"

Akaweka mhogo chini. Alianza kusema kitu cha kidaktari, nikakiona kikifika kwenye meno na kurudi. "Kiko kwa bibi," akasema. "Chini ya mkorosho. Bibi alikuwa akinionyesha kila nikienda likizo." Akafuta vidole kwenye bahasha. "Ni hilo?"

"Ni hilo."

"Siku zote hizi, ni hilo tu?"

"Si *tu*, mtani. Lakini ni hilo."

Alijifuta uso kwa viganja vyote viwili. Nilidhani ataona haya, kumbe alikuwa amekasirika.

"Angeniambia! Ningempa mguu siku ya kwanza. Unajua wiki hizi zimekula nini ndani ya yule mtoto? Kitovu cha bibi yangu hakikuwa na saratani, bwana. Kingeweza kungoja."

"Ulimuuliza kama polisi."

"Nilimuuliza kama mtu anayechelewa." Akasogeza kikombe. "Mwaka jana nilikuwa na mvulana wa umri huuhuu. Nikiwa nanawa mikono, wazazi wake walipita mlango wa nyuma naye. Walimrudisha wakati ambao hata mimi sikuhitajika tena. Ndiyo maana nasema hivi ninavyosema. Sijui namna nyingine."

Nikamwacha amalize chai yake. Kisha nikauliza lile nililokuwa naliogopa.

"Ukimkata, atapona?"

"Sijui. Huenda kimeshatoka pale kikaenda kifuani, huenda hakijatoka. Dawa za Dar nazo ni kali, zitamnyonyoa nywele, zitamtapisha. Asipokatwa ndiyo najua."

Yule angenidanganya kidogo tu, ningerudi kwetu. Hakunidanganya.

Akaenda kumwomba mkuu wa hospitali ruhusa, na ilichukua muda, maana ombi lile halikuwa na mlango wake maalumu. Aliporudi alichukua ndoo tupu, akaigeuza, akaikalia karibu na Mwanahija. Lile la kukaa chini yake lilimshtua dada yangu kuliko vitisho vyote.

"Mama, mguu mtapewa. Nitauleta mwenyewe, umefungwa. Lakini kuna kipande lazima kiende maabara, ili Dar wajue wampe dawa gani."

"Na hicho kipande, wakishakipima?"

Nilimwona Jerome akitafuta njia ya kuzunguka, kisha akaiacha.

"Watakichoma. Hapo siwezi kukudanganya."

"Kikubwa kiasi gani?"

Akamwonyesha ncha ya kidole chake kidogo. Mwanahija alikitazama kile kidole kwa muda mrefu, kama mtu anayenunua kitu na hana uhakika na muuzaji.

"Chukua hicho," akasema. Kisha, bila kunitazama: "Kaka, sema."

Basi nikasema. Lilikuwa neno fupi, na nimesema maneno marefu mengi maishani yasiyochosha kama lile. Abilahi alishusha pumzi, akashika upindo wa kanzu yangu kama mtoto sokoni.

Kilichobaki ni kumwambia mwenyewe. Nikakaa kitandani kwake.

"Batuli, mguu huu utakatwa."

"Wote?"

"Kuanzia hapa," nikajigusa mimi paja, maana kumgusa yeye sikuweza.

Akaufikiria. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, na kwa swali la kucheza, na la shule, na la unyago siku zake zikifika, atatolewaje nje na wenzake.

"Na utakwenda wapi?" akauliza.

Mama yake ndiye aliyejibu.

"Nyumbani. Utatutangulia."

Asubuhi yake Mwanahija hakukoroga uji. Naye mwenyewe hakula wala hakunywa. Alisema si vizuri mtoto afunge peke yake. Mimi nilikula vitumbua na supu, kwa sababu lazima awepo mtu mwenye nguvu ya kuchimba. Sokoni nilinunua bafta nyeupe, ile ya sanda, nikaazima mkasi wa Fortunata, nikaikata bila kupima. Ilitosha sawasawa. Nimeshona miaka mingi nikiomba kitambaa kitoshe, siku ile niliomba nikosee.

Jerome aliuleta mwenyewe kama alivyoahidi, kupitia mlango wa pembeni, akiwa bado na kofia yake. Batuli alikuwa salama, bado amelala, na mama yake akabaki kumngoja. Abilahi aliupokea kwa mikono miwili, tukapanda bodaboda mbili. Njia nzima hadi Kilangala alikuwa ameukumbatia kifuani, na dereva wake, ambaye hakuambiwa kitu, akawa anayakwepa mashimo kana kwamba ameambiwa. Tulipofika Abilahi akaniambia jambo moja.

"Ni mzito, shemeji. Sikujua amekua hivi."

Shehe wa pale alisema mguu wa aliye hai husitiriwa na kuzikwa, hausaliwi. Basi tukachimba nyuma ya nyumba, karibu na kilipo kitovu. Majirani walikuja, wakasimama wasijue wakunje nyuso au wazikunjue, maana watu wanajua kuzika mtu, nusu hawakufundishwa. Aliyetuokoa alikuwa Anjelina, mama wa Kimakonde wa nyumba ya pili, ambaye kwenye misiba ya Wamwera ndiye mtani wetu wa kudumu. Akajishika kiuno pembeni mwa shimo.

"Sasa mnatutaabisha. Mmezika kidogo, tulie kidogo? Na ubwabwa je, mmepika sufuria nzima au mguu wa sufuria?"

Abilahi akacheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye ule udongo, na huko chini kicheko kikageuka, na Anjelina akamwacha, akachukua jembe lake akamalizia kufukia yeye.

Tuliporudi Batuli alikuwa ameamka. Uso ulikuwa umevimba usingizi. Shuka lilikuwa na umbo la mguu mmoja, na pale pa pili lilikuwa limelala tambarare. Tulisimama pale mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeongea kwa sauti.

"Mama," akasema, "mguu unaniuma."

"Upi, mwanangu?"

"Ule."

Mwanahija akanigeukia. "Mmeuzika vizuri?"

"Tumeuzika vizuri."

"Umelala sawa? Hamkuukunja?"

"Haukukunjwa, dada. Uko karibu na kitovu chake."

"Mbona unamuuma?"

Utani wote ulikuwa umeniishia kule Kilangala. Nilimwona dada akinipima, na akiyapima yote, uji alioacha kuukoroga na neno aliloniomba niseme. Jerome alikuwa ameingia nyuma yetu na trei ya sindano. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hutokea hivyo, mwili bado haujapata habari, na kwamba maumivu yale ni ya kweli. Mwanahija alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta kigoda hadi chini kabisa ya kitanda.

"Wapi?" akamuuliza Batuli.

"Kisigino."

Akaweka mkono juu ya shuka, pale tambarare, akaanza kubonyeza.

"Hapa?"

"Chini kidogo."

Akasogeza. Nilingoja daktari aseme kitu, maana alikuwa amesimama na dawa mkononi, na zamu yake ndefu. Akaiweka trei juu ya kabati.

"Ukimaliza hapo, mama," akasema, "nimchome sindano."

"Ngoja," akasema Mwanahija. "Bado vidole."